Maji ya Siri Kwenye Tuta la Mama

Kiherehere akitoka shule hakuwa na muda wa kukaa. Alitupa mkoba kitandani, akavua viatu huku akitembea, akatokea mlango wa nyuma kwenda kutazama nyanya. Jina hilo alipewa na shangazi yake, na lilimkaa sawasawa. Huyu binti uji haujapoa, yeye ameshaungua ulimi.

Nyuma ya nyumba mama yake alikuwa na matuta mawili. Mama alikuwa akisomea kazi ya bibi shamba, yaani mtaalamu wa kuwashauri wakulima wadogo, na matuta hayo ndiyo yaliyokuwa mtihani wake wa mwisho. Moja aliliacha wazi kama walivyozoea majirani. La pili alilifunika kwa matandazo ya nyasi kavu ili udongo usipoteze maji upesi. Yote aliyamwagilia kwa kipimo kilekile. Siku ya mtihani mkufunzi wa chuo angekuja na wakulima waone tofauti kwa macho yao. Mama akifeli, angerudia mwaka mzima.

"Mama, mbona hili la nyasi halikui haraka?"

"Litakua, mwanangu. Wewe liache tu."

Kuliacha ndiko kulikomshinda. Mama alipokwenda chuoni, Kiherehere alichota ndoo ya maji akaimwaga kwenye tuta la nyasi. Kesho yake akarudia. Alitaka nyanya zinawiri, mkufunzi abaki mdomo wazi. Badala yake majani yakaanza kuwa ya njano. Zina kiu, alijiambia, akaongeza ndoo nyingine.

Mama naye akakosa raha. Alipekua majani akitafuta wadudu, asione kitu. Mezani alisukuma sahani bila kula.

"Sielewi," alisema. "Maji ni yaleyale, udongo ni uleule."

Kiherehere alikumbuka zile ndoo zake, akainuka upesi kuosha vyombo. Tangu hapo hata darasani hakutulia.

Siku ya mtihani ikafika. Mkufunzi, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, alisimama mbele ya tuta la njano. Nyuma yake walikuwa wakulima, akiwemo jirani yao, Baba Mapacha.

"Kumbe nyasi zinaua nyanya," Baba Mapacha akasema. "Nami nimeshakusanya lundo zima. Leo hii nalitia kiberiti."

Mkufunzi akamgeukia mama. "Unasemaje, bibi shamba?"

"Sijui, mwalimu. Nikisema najua, nitakuwa nawadanganya."

Kiherehere akajipenyeza mbele ya wakulima. Hakuweza kuvumilia tena.

"Shikamoo, mwalimu. Ni mimi. Nilikuwa naongeza maji kila siku, mama akiwa hayupo."

Watu wote wakamtazama. Mkufunzi hakumkaripia. Alimwambia mama, "Haya, sasa waeleze wakulima."

Mama alipiga magoti, akafunua nyasi, akang'oa mche. Ulitoka na tope, mizizi imeoza na inanuka.

"Nyasi zimefanya kazi yake, zimeyazuia maji," alisema. "Maji yakizidi, mizizi inakosa hewa. Ukitandaza nyasi, punguza kumwagilia. Tia kidole kwanza. Ukikuta unyevu, rudisha ndoo nyumbani."

Baba Mapacha akatia kidole, akakitazama, akacheka. "Basi lundo langu limepona."

"Tuta hili siwezi kulipatia alama," mkufunzi akasema. "Ila hujafeli; panda upya, nitarudi kuliona. Lakini kushauri unajua."

Wageni walipoondoka, mama alimketisha Kiherehere kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Najua ulitaka kunisaidia," alimwambia. "Lakini ungenyamaza, jirani angechoma nyasi zake, jua likaukaushe udongo wake, na wale mapacha wakose chakula kwa sababu yetu. Mshauri akificha kosa, anayeumia ni mkulima. Ukikosea, sema mapema, mche ukiwa bado unaweza kuokolewa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kesho tunapanda."

Miche mipya ilipokwisha kushika, Kiherehere alitoka mbio na ndoo kama kawaida yake. Akafika kwenye tuta, akachuchumaa, akatia kidole chini ya nyasi. Palikuwa na unyevu. Akainyanyua ndoo yake ikiwa imejaa vilevile, akairudisha nyumbani.