Vidole vya Cherehani

Siku fundi wa kompyuta alipomwona kwa mara ya kwanza, foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlango wa nje, printa ya lebo imekwama, na watu wameanza kuisema hospitali bila kupunguza sauti. Fundi aliingia nyuma ya dirisha na mkoba wa bisibisi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni kana kwamba ameitwa kwenye usaili. Akamkuta mtoa dawa kakunja mikono ya koti jeupe mpaka viwikoni, kitambaa cha manjano kichwani, anachapa. Printa imekufa na yeye anachapa tu.

"Dada, unachapa nini na mashine imekwama?"

"Nachapa wa mbele," akajibu bila kugeuka. "Ukiifufua, itatapika lebo zote kwa mpigo. Hawa watu wamesimama tangu asubuhi, kaka."

Fundi akachomoa lebo iliyojikunja ndani, akafunga mfuniko, na kweli ikatapika. Lebo ishirini na mbili, kila moja na jina lake, dawa yake na maelekezo yake, bila kosa hata moja. Kumbe kuchapa wa mbele ndiyo desturi yake siku zote: lebo ya huyu haijatoka, yeye ameshamfungua mwingine.

"Wewe si mtoa dawa," Fundi akasema. "Wewe ni cherehani."

Akacheka, na hapo ndipo alipogeuka. Fundi alipofunga mkoba wake, yule dada alichapa lebo moja zaidi, akaibandua, akambandika kifuani juu ya mfuko wa shati. Namba ya simu. Chini yake: *Kutwa mara mbili, baada ya chakula.*

"Na nikizidisha dozi?"

"Utasinzia kazini, usinilaumu."

Alizidisha. Nani asingezidisha?

"Halo, mgonjwa wangu."

"Dozi ya mchana imechelewa, laazizi."

"Foleni ndefu, mpenzi. Umekula?"

"Naanza kwanza na sauti yako."

"Haya, ishike hiyo sauti uitafune, tuone kama utashiba."

Miezi minane ilikwenda hivyo. Hakumwita tena kwa jina lake; alikuwa Cherehani tu, hata mbele za watu. Lebo ile aliihifadhi kwenye pochi, na kimya kimya akaanza kuulizia nyumba za vyumba viwili.

Kisha likatokea la kutokea. Bibi mmoja alikuja kuchukua dawa ya tumbo, akapewa pakiti yenye jina lake sawasawa, lakini ndani mna vidonge vya kushusha presha vya mzee aliyetangulia. Bibi akameza, kizunguzungu kikampata, akaanguka bafuni akavunjika mkono. Kamati ikakaa. Kumbukumbu za mashine zilionyesha ni nani alikuwa dirishani saa ile, na Cherehani akasimamishwa kazi, leseni yake imeshikiliwa.

"Mimi nilichapa sawa," aliiambia kamati, Fundi akisikia. "Pimeni mashine. Lakini ipimwe ninavyochapa mimi."

Kazi ya kupima akapewa Fundi. Angeweza kusema, jamani, huyu ni mpenzi wangu, mpeni mtu mwingine. Hakusema. Alitaka watu waone kwamba mapenzi hayajamziba macho. Akakaa mbele ya kompyuta na uso wa hakimu: akafungua jina la mgonjwa, akachapa, akasubiri lebo itoke, akaikagua, ndipo akafungua la pili. Mara hamsini. Halafu akaandika: *Mashine imepimwa mara hamsini. Haina kosa. Kosa ni la mtumiaji.*

Walikutana kwenye ngazi za ofisi, Cherehani ameshika nakala ya ripoti.

"Mtumiaji ndiye nani?"

"Mpenzi, nimepima mara hamsini. Mashine haidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo."

"Sijasema hivyo. Mtu huchoka, siku ni ndefu..."

"Hata jina langu limekushinda kuandika."

"Ripoti ndivyo zinavyoandikwa."

"Haya," akasema, akaikunja karatasi mara nne. "Na mimi ndivyo ninavyoondoka."

Miezi mitatu alikaa kwa mama yake, akipita njia za uchochoroni kuwakwepa majirani waliotaka kujua mbona siku hizi haendi kazini. Simu za Fundi hakuzipokea. Nazo zilipungua, kisha zikaisha, maana Fundi naye aliamini alichokiandika, na mtu anayejiona yuko upande wa haki huchoka upesi kubembeleza.

Mpaka siku mama mmoja, mtu mzima, aliyeletwa kushika nafasi ya Cherehani, alipomwita Fundi dirishani. Kulikuwa na msongamano, akaharakisha, na lebo ikatoka na jina la mgonjwa mwingine. Kwa bahati aliiona kabla hajatoa dawa.

Fundi alirudia kupima peke yake mara mia. Hakuna kitu. Alipima hadi kiuno kikauma. Ndipo akainua mikono yake juu ya kibodi, akaitazama vizuri, akakumbuka mikono mingine. Siku ile alikuwa akisubiri lebo itoke. Cherehani hajawahi kusubiri lebo maishani mwake. Akajaribu naye kutosubiri, lakini printa ilimtangulia kila mara.

Akapiga simu. Ilipokewa na sauti nyingine.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Ni Fundi."

"Marahaba. Fundi yupi? Wa mabomba, au yule aliyemwachisha mwanangu kazi?"

"Yule... wa pili, mama."

"Subiri." Ndala zikasikika zikiburuzwa. "Ana dakika moja. Naihesabu mimi mwenyewe."

Fundi alieleza mbio mbio. Cherehani akamwacha amalize.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Vidole vyako. Vyangu haviwezi."

"Nitakuja kwa ajili ya leseni yangu," Cherehani akasema. "Usininunulie hata soda."

Alikuja Jumapili mchana, dirisha la dawa limefungwa, viti vya wagonjwa vimepandishwa juu ya vingine. Gauni refu la kijivu, nywele zimebanwa nyuma, hana hereni wala marashi. Fundi alikuwa amevaa shati la siku ya kwanza, akajuta papo hapo. Mfamasia mkuu, mama wa maneno machache, alikaa chumba cha pili, mlango wazi, awe shahidi.

"Siku ya ukaguzi wa mwaka mashine ilikuwa nzima," Fundi akaeleza. "Kutoka hapo hadi siku ya bibi, yameingia masasisho sitini na manne. Vifurushi vidogo vidogo vya programu, kila kimoja kinabadilisha kitu. Mmoja wao ndiye mbaya wetu."

"Tutapima yote sitini na manne?"

"Hapana. Tunakata katikati. Nairudisha mashine ilivyokuwa baada ya la thelathini na mbili. Ukichapa ikakosea, mbaya yumo kwenye nusu ya kwanza. Isipokosea, yumo ya pili. Nusu nzima tunaitupa. Kisha tunakata nusu ya nusu. Mara sita tu, tumemshika."

"Mara sita." Alikivuta kiti. "Miezi mitatu sina usingizi, kwa kazi ya mara sita."

Fundi akaandaa mashine.

Cherehani akabuni wagonjwa wake mwenyewe, akachapa. Chumba kikajaa ule mlio Fundi aliokuwa ameusahau, au amejisahaulisha. Lebo ya saba ilitoka na jina la Bwana Kikohozi, na dawa ya Bi Kiungulia.

Vidole vikasimama. Aliibandua lebo, akaishika karibu na uso. Mfamasia mkuu akaja, akasoma, akamgusa bega, akarudi kukaa.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," Cherehani akasema taratibu. "Nilikuwa namwambia mama, labda kweli nilichoka."

Fundi akarudisha mashine hadi la kumi na sita. Ikachapa sawa, lebo ishirini kwa ishirini. La ishirini na nne, ikakosea. La ishirini, sawa. Hapo mgonjwa aliitwa Bwana Sisikii, Mara Tatu Kwenye Sikio La Pili, na Fundi akaangua kicheko kabla hajajizuia. Mdomo wa Cherehani ulitaka kumfuata. Ukaacha. La ishirini na mbili, sawa. La ishirini na tatu, ikakosea tena: Bi Kiungulia akapewa dawa ya mtu.

"Huyu hapa," Fundi akasema. "Kifurushi cha kupanga foleni ya printa. Zamani kila lebo ilikaa na jina lake mpaka itoke. Hiki kinachukua jina lililo kwenye skrini wakati printa inaanza kuchapa. Ukisubiri, halionekani kosa. Ukichapa wa mbele..."

"Aliyekiweka ni nani?"

"Mimi. Pamoja na vingine vyote. Maelezo yake yalisema kinaongeza kasi."

"Hilo sikulaumu. Yeyote angekiweka." Alizigeuza zile lebo mbaya kwenye kiganja. "Lakini uliniita Cherehani miezi minane. Siku ya kupima, ukachapa kama kobe. Mtu aliyenijua ninavyochapa kuliko wote ndiye aliyepewa kazi ya kupima, na ndiye aliyenimaliza."

"Niliogopa watu wangesema nakutetea."

"Na wangesema kweli! Mpenzi ana kazi gani nyingine?"

Fundi akageukia ripoti. Akaandika yale majaribio sita, moja baada ya jingine, na lebo zilizokosea.

"Ongeza kwamba niliomba ipimwe ninavyochapa mimi," Cherehani akasema, "na kwamba hukuipima hivyo."

Fundi alijua sentensi hiyo inaweza kumtoa kazini. Akaandika: *Mtumiaji aliomba...* Kidole cha Cherehani kikatua kwenye skrini, juu ya neno la kwanza.

"Jina."

Akafuta. Akaandika jina lake kamili, yote matatu, kama lilivyo kwenye leseni. Akashangaa jinsi lilivyo zuri, na jinsi alivyoacha kulitaja. Akaituma ripoti kwenye printa kubwa, ile kuukuu ya karatasi, inayokoroma kabla ya kuamka.

"Turudiane," akasema, maana alihisi asiposema sasa hatasema tena. "Nimekosa, nisamehe. Nilishaona nyumba, kipenzi changu. Vyumba viwili, dirisha la jikoni linapata jua. Nilitaka nije kwa mama, nije na wazee wangu, kwa heshima."

Macho ya Cherehani yalilowa, wala hakuyaficha.

"Nikuulize kitu kimoja. Lebo ya yule mama wa dirishani isingekosea juzi, ungenipigia simu?"

Printa ikaamka. Karatasi ya kwanza ikatoka.

Fundi alifungua mdomo. Aliona zile wiki ambazo simu zilipungua, akajiona anavyolala vizuri na haki yake. Karatasi ya pili ikatoka. Alitafuta ndani yake ile ndiyo, alikuwa na hakika ipo mahali fulani, kwani si alimpenda? Ya tatu. Mfamasia mkuu alikohoa chumba cha pili. Ya nne ikatoka, printa ikanyamaza.

"Ningekupigia," akasema.

Cherehani akazikusanya karatasi, akazigonga mezani ziwe sawa, akazibana pini.

"Karatasi nne, Fundi, ndipo ukajibu," akasema.

Akampelekea mfamasia mkuu ripoti, na kile kisauti chake cha kuaga kikasikika, cha adabu kabisa, kisha viatu vikaenda hadi mlango wa nje. Wiki mbili baadaye leseni yake ilirudishwa na kamati ikamwomba radhi kwa maandishi. Alishukuru, akaenda kufanya kazi hospitali nyingine.

Lakini Jumapili ile Fundi alibaki pale dirishani. Mashine ilikuwa bado kwenye sasisho la ishirini na tatu, lile lile bovu. Akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto, akaanza kuchapa wagonjwa wasiokuwepo, haraka, haraka zaidi, kwa kadiri vidole vyake vilivyoweza. Lebo zikatoka moja moja. Zote zilikuwa sawa.