Aliyekaa kwenye kiti cha Ursule

"Aksanti kwa ya jana, mama," Glodie alisema kabla hata hajakaa. "Nitarudi kwa Ruffin, kama ulivyosema."

Ursule, mshauri wa kituo, akaduwaa. Jana kutwa alikuwa barabarani akitoka Bafwasende. Isitoshe, ndiye aliyemsaidia binti huyu kumkimbia Ruffin, alama za vidole zikiwa bado shingoni.

"Jana tulionana wapi?"

"Si humu? Ulisema mwanamuke mwenye kukimbia bwana yake hana adabu."

Ursule akashika kiti chake. Kilikuwa kimelowa, kinanuka tope la mto.

Alimsihi Glodie abaki kwa dada yake Angèle, kisha akaenda kwa mkurugenzi wa kituo, Papa Cyprien. Mteja mwingine, Bavon, naye alishaambiwa na "Mama Ursule" aache dawa zake.

"Tufunge kile chumba, papa. Kuna kitu kinajifanya mimi, kinaumiza watu mule."

"Bon. Na wageni wa Kinshasa wanaokuja kutukagua niwaambie nini? Jini iko mu bureau?" Cyprien hakuinua hata macho. "Umechoka, mama. Enda upumuzike."

Ursule alitoka akiuma meno. Kuomba kwake kote kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Kesho yake alasiri mvua ilipiga mtaa wa Makiso, umeme ukakatika, na alipokuwa akipapasa ukuta wa ukumbi alisikia nyuma ya mlango sauti yake mwenyewe, ile ya upole anayoitumia kwa watu waliovunjika moyo, ikimnong'oneza Glodie kwamba Ruffin hamtaki tena, kwamba Angèle amemchoka, kwamba ni maji ya mto Tshopo tu yasiyomfukuza mtu.

Akausukuma mlango. Glodie hakuwemo tena; dirisha lilikuwa wazi. Kwenye kiti alikuwa amekaa yeye, kitambaa chake kichwani, pindo la kikwembe alichojifunga likichuruzika maji.

"Nimeshamaliza naye," kile kitu kikasema. "Mwingine nani?"

Ursule alikimbia. Glodie alikuwa amemwapisha asimwambie dada yake lolote, lakini alimpigia Angèle akamwaga yote. Wavuvi wa maporomoko, walioitwa na Angèle, walimkamata Glodie maji yakiwa kiunoni.

"Umetoa siri ya mteja," Cyprien akafoka.

"Angekufa, siri ningemulindia nani?"

Hakumwomba ruhusa tena. Alimwita Mwalimu Yunus, naye akasoma dua na kufukiza ubani mpaka madirisha yakatikisika na kitu kizito kikatoka mbio kuelekea mtoni. Chumba kikakauka. Harufu ikaisha.

Ndipo Ursule akaenda kwa Angèle. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Glodie, ni mimi."

"Ile nayo ilisema hivyo." Sauti ya binti ilitoka nyuma ya mlango. "Sura ilikuwa yako. Sema kitu, mama, nijue ni weye."

Ursule akafungua kinywa. Akatafuta neno moja, moja tu, ambalo Glodie alimwambia nje ya chumba kile, ambalo kile kitu hakikulisikia. Hakulipata.

Ndani, komeo la pili likasukumwa.