Senti ya Hobart

Siku ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote katika bonde letu la makaa ya mawe. Twila alikuwa ameshafua, ameshaloweka maharage, na nyayo zake zilikuwa zinawaka moto baada ya wiki nzima ya kusimama jikoni mwa shule. Alitaka kukaa chini tu. Mumewe, Garland, alitaka waende kwa Bibi Oleta, mjane wa juu mlimani, aliyetandaza vitu vya marehemu mumewe uani ili viondoke.

"Unatafuta nini tena?" Twila alimuuliza. "Bastola unazo kumi na moja."

"Sefu ina nafasi kumi na mbili, mama Maretta. Lile pengo linanikera kama jino lililong'oka."

Bibi Oleta alikuwa amepakata kisanduku cha mbao. Hakungoja kuulizwa. Alikifungua, na Garland akapiga mluzi. Ilikuwa bastola ya kijeshi ya zamani, ile inayojipakia risasi yenyewe, nyeusi, kitako kimelika pale dole gumba linapokaa.

"Chukua," alisema bibi. "Sitaki kitu."

Kwetu silaha haitolewi bure. Iwe kisu, shoka au bunduki, hata baba akimpa mwanawe, anayepokea hutoa senti moja ili ionekane imenunuliwa. Iliyotolewa bure hujidai bei yake yenyewe. Twila aliyajua hayo tangu utotoni, kwa hiyo alipapasa mfukoni akatoa senti. Bibi Oleta akaificha mikono chini ya aproni. Senti ikaanguka kwenye nyasi. Bibi hakuitazama.

"Twende," Garland alisema, kisanduku tayari kwapani. "Mtu anakupa zawadi, nawe unaleta uchawi wa nyanya zenu."

Nyumbani aliiweka juu ya meza ya jikoni. Akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi. Ilikuwa tupu. Halafu, kama anavyofanya kila mwenye akili, akavuta chuma cha juu nyuma kuhakikisha chemba, tundu inamokaa risasi, nayo ni tupu. Risasi moja ikaruka, ikabingirika hadi kwenye bakuli la maharage.

Twila aliiokota. Ubavuni ilikuwa imekwaruzwa kwa kitu kama sindano, herufi ndogo ndogo, safi.

MARETTA.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na sita. Wakati huo alikuwa chumbani kwake akiimba.

"Mzaha wa kizee kile," alisema Garland.

"Amejuaje jina la mtoto? Kwetu hajawahi kufika."

Garland alivuta tena chuma. Risasi nyingine ikatoka. MARETTA. Magazini ilikuwa mbali, kwenye dirisha, tupu. Akavuta mara ya tatu. Jina lilelile. Safari hii herufi zilikuwa na kina zaidi.

"Irudishe," Twila alinong'ona.

Alimwona mumewe akiwaza. Alimwona akiipima ile bastola kiganjani. Kisha akachukua kisu, akaenda kuichongea nafasi yake kwenye sponji ya ndani ya sefu.

Jumatano mchana Twila alikuwa peke yake, anapiga pasi. Akasikia mlio. Mmoja tu, mkavu, kama mlango uliopigwa teke. Alikwenda kwenye sefu. Ilikuwa imefungwa, haina hata mkwaruzo. Ukuta ulikuwa mzima. Akafungua chumba cha Maretta.

Mto ulikuwa na tundu katikati, pale kichwa kinapolala. Manyoya yalikuwa bado yanaelea.

Garland aliporudi kutoka mgodini aliutazama mto kwa muda mrefu. Halafu akahamisha kitanda hadi ukuta wa pili. Bastola hakuihamisha.

"Ni mwanao!" Twila alimwambia.

"Na sefu ni ya chuma. Usinipigie kelele, nimechoka."

Kesho yake Twila alipanda mlimani. Bibi Oleta hakufungua mlango. Aliongea nyuma ya wavu wa mlangoni.

"Imeandika jina la nani?"

"La binti yangu."

"Ilianza na mume wangu. Ikaja kwa mwanangu. Siku niliyowapa, ilishafika herufi ya tatu ya jina langu."

"Ichukue, bibi. Nakuomba."

"Sichukui. Mpe mwingine. Angalia tu asilipe; akilipa, itarudi kwako." Akausogelea wavu. "Ukiwa na huruma, mwanangu, utazika."

Kwenye nyasi ile senti ilikuwa bado pale pale. Majani yaliyoizunguka yalikuwa yameungua.

Twila hakulia. Alitembea akihesabu watu, kama anavyohesabu sahani shuleni. Nani anaitaka? Nani hatauliza?

Hobart, mdogo wake Garland, alikuwa anaitamani tangu alipoiona. Mkewe, Lavonne, alikuwa na mimba ya miezi saba. Twila alilijua hilo. Alimshonea yeye mwenyewe blanketi la mtoto.

Aliitoa bastola kwenye sefu, akamkuta Hobart uani kwake, chini ya gari, amelala kifudifudi akiokota spana.

"Shemeji! Umeniletea chakula?"

"Nimekuletea hii. Garland anazo nyingi."

Hobart alifuta mikono kwenye suruali, macho yanang'aa. "Kaka atakuchuna ngozi."

"Achune."

Akacheka, akatoa mfukoni ile senti yake ya bahati, aliyoilaza relini utotoni treni ya makaa ikaibonyeza ikawa kama jani. "Sina nyingine. Shika, shem. Tusije tukachukiana."

Twila aliitazama. Aliificha mikono chini ya aproni.

"Mimi na wewe ni ndugu," alisema. "Nimeitoa."

Hobart aliigeuza senti vidoleni. Naye alikuwa amelelewa bondeni kwetu. Lakini bastola ilikuwa nzuri, na akairudisha senti mfukoni.

Garland hakumsemesha mkewe siku nne. Siku ya tano simu ikalia. Lavonne alikuwa akipiga mayowe. Hobart alikuwa mezani, anakula mkate wa mahindi, risasi ilipompata. Bastola ilikuwa juu ya kabati. Lavonne aliapa kwamba hakuna mkono ulioigusa. Sherifu aliichukua, akaandika kwamba ni ajali.

Kabla jeneza halijafungwa, Twila alimwona Lavonne akiitia ile senti ya bahati kwenye mfuko wa koti la marehemu. Lavonne alimgeukia.

"Aliniambia ulikataa kupokea," alinong'ona. "Alikuwa anacheka. Kwa nini ulikataa, Twila?"

Twila alimwekea mkono begani. Akamwambia ale kitu, kwa ajili ya mtoto.

Waliporudi kutoka makaburini, Maretta alikwenda chumbani kubadili nguo. Alikuwa mzima. Twila alimsikiliza akifungua droo, akifunga droo, na akajiambia kwamba sauti ile inatosha. Kisha akaifungua sefu, ahakikishe tu.

Bastola kumi na moja. Nafasi ya kumi na mbili, umbo tupu kwenye sponji.

Ndani yake ilikuwepo senti, imebonyea kama jani. Ina udongo mbichi.

Aliigusa. Ilikuwa na joto, kama imetoka sasa hivi kwenye kiganja cha mtu anayelipa.