Mikeka ya Kanisani

Kengele ya mapumziko ikilia, Mwanakhamis alikuwa wa mwisho kutoka darasani. Alikwenda nyuma ya tangi la maji, akakaa juu ya jiwe, akala mahamri yake mawili polepole ili yasiishe kabla ya mapumziko kwisha. Ulikuwa mwaka wa 1966, naye alikuwa na miaka kumi na mmoja. Muhula ule ndio kwanza ahamie shule ya Ganjoni. Wenzake walikaa majumba ya karibu. Yeye alitoka Kibokoni kwa miguu, peke yake, akarudi peke yake. Si kwamba walimchukia. Kila mmoja alikuwa na wake, basi.

Siku moja Mwalimu Ngala aliwaambia wakazuru kanisa kuu la Wakatoliki, lile lenye minara miwili, kisha kila mtu aandike aliyoyaona.

"Nendeni wanne wanne," alisema, akageuka kufuta ubao.

Darasa lilikuwa na watoto thelathini na watatu. Wakachaguana, wakashikana mikono, na aliyebaki ni Mwanakhamis. Mwalimu hakuona.

Alasiri ile alikwenda mwenyewe hadi langoni. Ndani watu walikuwa wakiimba kwa lugha asiyoijua. Je, akifukuzwa? Alisimama mpaka kivuli cha minara kikamfikia miguuni, halafu akarudi nyumbani.

Lakini insha ilitakiwa, na alitamani sana iwe nzuri. Labda wakiisikia, mmoja angekuja kuketi naye wakati wa mapumziko. Nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada, alijiambia. Akaandika kurasa mbili, kwa mwandiko safi. Mwalimu alipouona tu mwandiko ule, akamwita mbele asome.

"Nilivua viatu mlangoni," alisoma Mwanakhamis, "nikatawadha kwenye birika, nikaingia. Mikeka ilikuwa imetandikwa toka ukuta hadi ukuta. Wanawake tulikaa nyuma ya pazia..."

Darasa likaangua kicheko.

"Mikeka!" alisema Zilpah, aliyesali kanisa lile kila Jumapili. "Mama wee! Toka nizaliwe nakalia benchi!"

"Na imamu je, mlimkuta?" Kahindi akadakia kutoka nyuma.

Mwalimu aliwanyamazisha. "Mwanakhamis, kweli uliingia?"

"Niliingia, mwalimu." Lilimtoka lenyewe.

"Haya. Jumamosi twende sote, utuongoze."

Ijumaa alipotoka shule, alikwenda moja kwa moja kanisani. Safari hii palikuwa kimya. Mzee mmoja alikuwa akifuta vumbi kwenye mabenchi.

"Shikamoo, babu. Naweza kuingia? Mimi si Mkristo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mlango si huo u wazi? Ingia."

Alikuwa Mzee Kaingu, mtunza kanisa. Alimwonyesha vioo vya rangi, altare, na kibanda cha mbao ambamo watu huungama dhambi zao kwa padri. Akamweleza kwamba kanisa lilijengwa miaka zaidi ya arobaini nyuma, naye, kijana wakati huo, alibeba maji ya kuchanganyia chokaa.

"Mabega yangu yamo humu ukutani," alisema, akacheka.

Mwanakhamis alitoka akiyajua yote. Kesho angeweza kusema alichanganya tu wakati wa kuandika, na mambo yakaisha. Njia nzima alilizungusha neno hilo mdomoni.

Jumamosi darasa lilikusanyika langoni.

"Haya, kiongozi wa mikeka," alisema Zilpah, "tupeleke."

Mwanakhamis aliwatazama. Hata wakimpenda leo, watakuwa wamempenda yule msichana aliyeingia siku ile, na huyo hakuwapo. Yeye atabaki vilevile, hana mtu.

"Mwalimu, nilisema uongo. Siku ile sikuingia. Nilisimama hapahapa, nikaogopa, nikarudi. Nimeingia jana tu. Aliyenitembeza ni Mzee Kaingu, anayefuta mabenchi. Alibeba maji wakati wa ujenzi."

"Kwani kundi lako lilikuwa lipi?" aliuliza Zilpah.

"Mlikuwa mmeshachaguana."

Zilpah akainamisha macho.

"Hapo nami nina kosa," alisema Mwalimu Ngala. "Niliwagawa bila kuwahesabu. Lakini sikilizeni nyote. Kutojua si aibu, na kuogopa si aibu. Mwanakhamis, ungeandika kwamba ulifika langoni ukaogopa, ningekuleta mwenyewe kesho yake. Ulipoandika uongo, ukanifanya nidhani huna shida yoyote. Mtu akituficha lililomshinda, tutamsaidia kwa lipi? Leo umesema kweli mbele ya watu, na hilo ni gumu kuliko insha. Haya, tangulia."

Mwanakhamis akatangulia. Hatua chache tu, Zilpah akawa ubavuni mwake.

"Huyo mzee wa kufuta mabenchi, nionyeshe," alinong'ona. "Nampita kila Jumapili. Hata jina lake sikulijua."