Kava la Stuli

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akashika ufagio. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chumba chao cha mbele kilikuwa cha kushonea: cherehani mbili, ya mama na ya mdogo wake, mama mdogo wa Chiriku, meza ya kukatia, na stuli ya mbao ambayo mteja akiikalia dakika kumi huinuka akijishika kiuno. Chiriku alifagia nyuzi na kuokota mabaki ya vitambaa. Mabaki hayo hayakutupwa. Yalifungwa furushi, yakaandikwa jina la mwenyewe na kurudishwa pamoja na nguo, hata kama ni kipande cha kufungia kidole. Ndiyo maana wateja walimwamini mama.

Lakini ile stuli ilimkera Chiriku. Jumamosi moja, mama alipokwenda sokoni na mama mdogo akiwa jikoni, alifungua furushi la nesi, mmoja wa wateja wao. Akaunganisha vipande vya buluu vyenye maua ya manjano, akaweka sponji kuukuu ndani, akaivisha stuli. Ikapendeza kama bibi harusi.

"Kitambaa umekitoa wapi?" mama aliuliza aliporudi.

"Nimekiokota kwenye takataka."

Mama akatazama rafuni. Furushi la nesi halikuwapo. Akamgeukia mama mdogo, aliyekuwa amerudi kwenye cherehani yake.

"Mdogo wangu, gauni la nesi ulilikata wewe, sivyo?"

"Mimi, dada. Na mabaki niliyafunga."

"Yako wapi?"

"Si pale rafuni?"

Mama akamkazia macho ya kumshuku. Chiriku alijifanya anafagia pahali palipokwisha kufagiwa.

"Hodi!" Alikuwa nesi mwenyewe, amefuata gauni lake. Alikaa, akashangaa ulaini wa kiti, akainama kutazama. Uso ukambadilika.

"Fundi, si mliniambia kitambaa hakikutosha mikono mirefu? Kumbe mikono yangu inakaliwa!"

Mama akazidi kumtazama mdogo wake. Mama mdogo akavua utepe wa kupimia shingoni, akauweka mezani taratibu.

"Kama unaniona mwizi, dada, nitashonaje nawe chumba kimoja?" Akachukua mkoba wake.

Chiriku alimpenda sana mama mdogo. Ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Akamwona anaufikia mlango, ufagio ukamponyoka.

"Ni mimi! Nilifungua furushi. Nikadanganya."

"Mtoto anawafichia makosa wakubwa wake," nesi alisema, akikunja midomo.

Chiriku akalivua kava, akaligeuza upande wa ndani, akalitandaza mezani. Mishono ilikwenda huku na huku. Vilikuwa vipande kumi na vinne, na hakuna kimoja kilichozidi upana wa kiganja. Nesi akakiweka kikubwa kuliko vyote juu ya mkono wake. Hakikufika hata kwenye kiwiko.

"Aa! Kweli hapa hapatoki mkono mrefu," alisema, akacheka kwa aibu. "Niwieni radhi, nimewashuku bure. Na mishono hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Unajua kushona, binti. Lakini kitambaa ni changu, kwa hiyo kava naondoka nalo."

Akalikunja na kulitia mkobani pamoja na gauni. Chiriku akauokota ufagio wake.

Nesi alipoondoka, mama alichukua utepe, akamvisha mdogo wake shingoni.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuhukumu kwa macho."

"Yanauma sana macho yako, dada," mama mdogo alijibu, akaweka mkoba chini.

Chiriku naye akapiga magoti kuomba msamaha. Mama akamwinua.

"Ungemwomba nesi, pengine angekupa vyote kwa moyo mweupe. Ulichukua, ukadanganya, na uongo wako ukamwangukia mtu asiye na kosa. Siku nyingine omba kwanza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Nimesikia, mama," Chiriku alisema. Siku hiyo hakuongeza neno lingine.