Zohali ya Stacy

Katika mtaa wote wa Al-Suwaidi, hapa Riyadh, hakuna mtu anayeijua darubini kunishinda. Hivyo ndivyo nilivyomjibu Baba nilipotoka shule na kumkuta akimalizia chai kabla ya kwenda kumchukua bosi wake. Alitaka nipande juu ya paa nikarekebishe darubini ndogo ya kulengea, ile inayokaa mgongoni mwa kubwa. Nizungushe skrubu zake mpaka zote mbili zione kitu kimoja, tena kitu cha mbali sana.

Jua lilikuwa linapiga pasi vichwa vya watu. Mnara wa simu ulikuwa mbali, umefunikwa na vumbi. Tangi la maji la jirani yetu, Mama Risper, lilikuwa pale pale, limenona, halihitaji kutafutwa. Nikalilenga, nikakaza skrubu, halas, kazi kwisha, nikarudi kwenye feni.

Jioni akaja Stacy. Tulikua pamoja Aziziya, Jeddah, kabla Baba hajapata kazi huku. Kule hewa ya bahari ilitia ukungu kwenye kioo cha darubini, naye Stacy alikipangusa kwa upindo wa leso ya mama yake, akidai nakipumulia makusudi. Hadi leo nikinusa leso mbichi naiona sayari ya Zohali na pete yake. Sasa alikuwa akipitia Riyadh; kesho yake alfajiri anarudi Kenya kabisa. Aliomba kitu kimoja tu: tuitazame pamoja tena kabla teksi ya kumpeleka uwanja wa ndege haijafika.

Nikalenga. Kwenye darubini ndogo Zohali ilikaa katikati. Kwenye kubwa, giza tupu.

"Fidel, hapa umenionyesha ndani ya sufuria," Stacy akasema.

Nikasogeza huku na kule. Teksi ikapiga honi. Stacy akaacha utani, akatazama ngazi.

Ndipo Baba akarudi kutoka kazini, akapanda. Aliilenga taa nyekundu ya mnara wa mbali, akazungusha skrubu polepole, kisha akairudia Zohali. Stacy akainama, akaweka jicho.

"Bado ina pete yake," akasema kwa sauti ndogo, akanipisha nitazame, kama zamani.

Stacy alipokwisha kutuaga na kushuka, Baba aliniambia, "Darubini hizi mbili hazikai mahali pamoja. Ukizikutanisha kwenye kitu cha karibu, mbali zinaachana. Ukikwepa kazi ndogo mchana, jioni anaumia mwenzako."

Nikasema huenda upepo ndio uliolegeza skrubu.

Mama alikuwa anaanua nguo pale pale juu ya paa. Hakugeuka hata.

"Upepo gani, Fidel? Nilikuwa nyuma ya mashuka haya haya nikianika. Ulilenga tangi la Mama Risper, tena ukaliambia, 'Wewe unatosha.'"