Bunduki Iliyopofushwa

Kilengeo kilikuwa kimesogea tena.

Mukbil aliinama juu ya jiliwa lililoibana bunduki akapima. Unene wa unywele mmoja, kushoto. Asubuhi alikuwa amekigonga kwa nyundo ya shaba mpaka kikakaa katikati ya mtutu, akakwaruza mstari mwembamba toka mtutuni hadi kwenye kilengeo, ili kikihama ajue. Sasa mstari ulikuwa umekatika.

"Macho yako yamezeeka, fundi," alijitania.

Bunduki ilikuwa ya jeshi la Waturuki, ya enzi za babu zake. Mtu aliikata kitako na kuufupisha mtutu iwe nyepesi kubebwa milimani. Nashwan, aliyeileta, alitaka vilengeo vipya, cha mbele na cha nyuma. Mfereji wa kukalia kile cha mbele ulikuwa umezibwa kwa bati la kuyeyushwa. Kazi ya ovyo, Mukbil alidhani, akalichokoa lote.

Alikigonga tena, akalenga dirisha la ng'ambo ya ua. Kilengeo kikateleza mbele ya jicho lake, bila kuguswa. Kikienda kushoto, risasi huenda kulia. Kulia kwa dirisha palikuwa na mlango wa jiko, na pale mkewe, Takiya, alikuwa akikanda unga.

Harufu ikamfikia: mkate unaoungua, na ndani yake nywele zinazoungua.

"Takiya! Unaunguza!"

"Naunguza nini, baba Arwa? Hata tanuri sijawasha!"

Nashwan alipokuja kutazama kazi, Mukbil alimvuta kwa shali.

"Nani aliziba huu mfereji?"

"Wazee," Nashwan alinong'ona. "Marehemu baba alimpiga risasi mke wa mtu tanurini, siku za suluhu. Bunduki ikatolewa rehani ya amani, wakaing'oa vilengeo. Ningekwambia ungekataa."

"Mpumbavu we! Bunduki iliyopofushwa hairudishiwi jicho!"

Akaking'oa kilengeo, akakisukuma kwenye makaa, akavukuta mpaka chuma kikawa cheupe, akakiponda huku akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, na kila nyundo ilipotua mwanamke aliguna ndani ya mtutu, kwa chini, kama mtu anayezuia kilio asiamshe watoto, mpaka bati la moto alilomimina lilipojaa mferejini, likachemka, likaganda, na harufu ikakatika.

Nashwan aliikwapua bunduki akakimbia bila viatu.

"Baba Arwa, kelele zote hizo za nini?" Takiya alitokea mlangoni, mikono myeupe kwa unga.

Mukbil aliinua macho. Kijiti chembamba, cheusi, kama kilengeo, kilisimama katikati ya kifua cha mkewe. Alipangusa jicho. Kilikuwepo. Akafumba, akafumbua. Kilikuwepo, na safari hii hakikuhama hata unywele.

"Usije," alisema taratibu. "Mama Arwa, nakuomba. Usisimame mbele yangu."

"Kwani nimefanya nini?"

Mukbil alikuwa ameukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kwa nguvu zote, na bado kidole cha shahada kilikuwa kikijikunja.